Nafasi za fildi kwenye gesi: GPA ya 4.4 ndo iamue kila kitu?

Wakuu habari za asubuhi. Niko Chikongola hapa Mtwara, mdogo wangu yuko mwaka wa tatu uhandisi mitambo Dar. Kaomba fildi kampuni moja ya huku nyumbani kajibiwa wana nafasi maalumu chache tu na wanaanzia GPA 4.4, yaani fest klasi. Yeye ana 3.9, na 3.9 ya mitambo sio mchezo jamani. Mi naona sio haki. Bomba la gesi la inchi 36 la kwenda Dar linaanzia Madimba hapo, 2013 tumepigwa mabomu ya machozi kwa ajili ya hiyo gesi, leo mtoto wa Msimbati anaishia kupiga fotokopi kwenye ofisi ya mtu Ubungo wiki 8 nzima, siku ya mwisho anagongewa muhuri kwenye logibuku basi. Mnasemaje?

>> Mkuu kwenye presha ya gesi hakuna cha kwetu wala kwenu. Halafu ukiitoa hiyo GPA unajua kitakachobaki? "Mjomba wako nani." Bora hiyo namba.

>> Mjomba mbona hata sasa yupo, anachagua kati ya hao hao wenye 4.4. Mi fundi umeme, kuna mwaka tuliletewa kijana wa fest klasi, namwambia pima volti kwenye soketi, waya wa mita ya kupimia kauacha kwenye tundu la ampea (la kupima mkondo, sio volti), akachomeka, pa! fyuzi ya mita kwishnei. Sio mjinga yule, hajawahi kupewa mita ashike mwenyewe tu, wiki ya tatu alikuwa ananikosoa mimi. Ndo maana nasema waite wote kuanzia 3.5, wape pampu mbovu na spana asubuhi moja, utawajua. Na nafasi mbili tatu ziwe za Mtwara na Lindi, hapo sirudi nyuma.

>> Sie wa Lindi tunakisubiri kiwanda cha LNG cha Likong'o (cha kugeuza gesi kuwa kimiminika) mpaka tunazeeka, umetukumbuka leo ahsante 😂 Ila dogo wa Kilwa akipata hiyo nafasi Mtwara atakula nini, chumba analipa nani? Bumu la fildi lenyewe linachelewa.

>> Dogo wangu analala kwa mama. La wa Kilwa sikuliwaza, hapo umenipata.