Filamu nzima ndani ya chumba kimoja: kamera inasimuliaje?

Kibatari:

Ndugu zangu, salaam. Kwa miaka mingi nimeandika tamthilia za jukwaani, na sasa ninajaribu kwa mara ya kwanza kutengeneza filamu fupi ya dakika 20. Kisa chote kinatokea sebuleni kwa marehemu baba, mjini Tanga, ambako ndugu watatu wamekaa na ami yao kugawana mirathi, na hakuna anayetoka nje mpaka mwisho. Tulirekodi jaribio kwa simu iliyosimamishwa pembeni mwa chumba, mahali ambapo angekaa mtazamaji wa ukumbini. Waigizaji ni walewale waliowahi kuwaliza watu jukwaani, lakini jaribio lenyewe linachosha, na mke wangu alisinzia kabla ami hajafika kwenye habari ya shamba la minazi.

Wiki iliyopita nilitazama *12 Angry Men* ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Sidney Lumet. Kwa dakika 96 karibu haitoki katika chumba ambamo watu 12 wanaamua kama kijana aliyeshtakiwa kwa kumuua baba yake ana hatia, wala mimi sikusinzia. Nilihisi chumba kikinibana kadiri muda ulivyokwenda, ingawa kuta hazikusogea. Je, hiyo ni kazi ya kamera au ni nguvu ya maneno tu? Na kama ni kamera, ilifanya nini hasa?

Fundi Taa:

Ndugu Kibatari, hukukosea. Lumet alieleza baadaye, katika kitabu alichoandika kuhusu kazi ya uongozaji, kwamba kubanwa huko kulipangwa tangu mwanzo. Theluthi ya kwanza ya filamu ilipigwa kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, theluthi ya pili ikiwa sawa na macho, na ya mwisho ikiwa chini yake, ndiyo maana kuelekea mwisho dari linaanza kuonekana vichwani mwa watu kama kifuniko cha sufuria. Wakati huohuo lenzi zilikuwa zikibadilishwa: walianza na za milimita 28 hadi 40, zinazoonyesha chumba kikiwa na nafasi baina ya mtu na mtu, wakaendelea na za 50, 75 na 100, ambazo humfanya aliye mbele aonekane kama amebanwa na ukuta ulio nyuma yake. Kisha watu wanapotoka mahakamani, Lumet akatumia lenzi pana kuliko zote alizozitumia humo ndani na kuipandisha kamera juu kabisa, na ndipo unapojikuta unashusha pumzi.

Tazama pia jinsi tunavyoingizwa katika chumba hicho. Kwa dakika kadhaa picha haikatwi, kamera inapita baina ya watu wanaovua makoti, wanaofungua madirisha na wanaolalamikia feni isiyozunguka, na mmoja wao, anayeigizwa na Henry Fonda, amesimama peke yake dirishani mpaka anaitwa aje kukaa. Kura inapopigwa na kutoka 11 kwa 1, tayari tulikwisha kumwona yule mmoja akiwa amejitenga, bila mtu yeyote kutuambia. (Watu hao si kama wazee wa baraza tuliowazoea sisi, ambao humpa jaji maoni tu. Wao ndio wanaoamua, na ni lazima wakubaliane wote, kwa hiyo hata mmoja anatosha kuwazuia wengine.)

Kwa kuwa unatoka jukwaani, kuna tukio moja ningependa ulirudie. Mjumbe mmoja mwenye miwani amekaa tangu mwanzo na koti lake mwilini, akisema kwamba yeye huwa hatoki jasho. Baadaye anabanwa kwa maswali kuhusu filamu alizotazama siku chache zilizopita, anakosea kutaja jina la moja, na hapo tunamwona kwa karibu akijifuta paji la uso. Jukwaani, mtazamaji wa safu ya kumi asingeliona jasho hilo, na mwandishi angelazimika kumpa mtu maneno ya kulisemea. Nadhani jaribio lako lilichosha kwa sababu hiyo: uliwapa watazamaji kiti cha safu ya kumi, ukawaacha hapohapo.

Mama Darubini:

Naomba kumsahihisha Fundi Taa kidogo, maana kosa hili linaweza kukugharimu. Kinachowafanya watu waonekane wamesongamana si lenzi yenyewe, ni umbali wa kamera. Ukisogea nyuma, tofauti ya umbali baina ya aliye mbele na aliye nyuma inapungua machoni pa kamera. Lenzi ndefu inakusaidia tu kuwakuza ukiwa kule mbali. Jaribu na mitungi miwili iliyopangwa mmoja nyuma ya mwingine. Ipige picha kwa karibu, kisha rudi nyuma hatua kumi na uvute picha, utaona mtungi wa nyuma umekua.

Katika studio ukuta unaweza kuondolewa ili kamera irudi nyuma. Sebule ya Tanga haina ukuta wa kuondoa, kwa hiyo mwisho wa filamu itabidi usimame nje na kupiga picha kupitia mlangoni au dirishani. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta mbali, tumia hiyo, kwa kuwa kuvuta kwa vidole kupita uwezo wa lenzi kunaikata picha tu na kuifanya iwe na chenga.

Mkaazi wa Ng'ambo:

Mimi nina wasiwasi na mjadala huu kuelemea kwenye lenzi. Hadithi hiyo ya Reginald Rose ilirushwa kwanza kama mchezo wa televisheni nchini Marekani mwaka 1954, na maneno yake yalikuwa yamekwisha kushika watu kabla ya Boris Kaufman, mpigapicha wa filamu ya Lumet, kugusa kamera. Mfano wa upande wa pili ni *Rope* ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1948, ambayo nayo ilitokana na mchezo wa jukwaani na inatokea katika nyumba moja. Humo vipande virefu vilifikia dakika kumi bila kukatwa, kuta zikasogezwa kwenye magurudumu ili kamera ipite, na anga la dirishani likageuka polepole kutoka mchana hadi usiku. Ufundi ni wa kustaajabisha, lakini Hitchcock mwenyewe, alipohojiwa na François Truffaut, mwongozaji wa filamu wa Kifaransa, hakuonyesha kujivunia mtindo huo, kwa kuwa aliamini kwamba mkato wa picha ndio unaoelekeza macho ya mtazamaji. Basi, kabla ya kuchagua lenzi, andika pembeni mwa muswada wako ni nani anayeshinda mabishano katika kila ukurasa.

Fundi Taa:

Ndugu Mkaazi, hapo hatupingani. Katika filamu ya Lumet mvua inaanza kunyesha kura zikiwa zimefika 6 kwa 6, taa zinawashwa, na feni iliyodhaniwa mbovu inazunguka kwa sababu ilikuwa kwenye swichi moja na taa. Sura ya chumba inabadilika pale hasa mizani ya mabishano inapobadilika. Ingenyesha dakika kumi kabla, ingekuwa mvua tu.

Kibatari:

Nawashukuru nyote, na Mama Darubini nakupa shikamoo ya pekee, kwani mitungi nimeipanga uani na kweli wa nyuma umekua.

Nimeupitia muswada kama alivyoshauri Ndugu Mkaazi, na nimegundua kwamba ami anashinda kila ukurasa hadi wa 14, pale dada mdogo anapouliza hati ya shamba iko wapi. Mpaka hapo nitamtazama ami kutoka chini, jinsi watoto wanavyomtazama mkubwa wao. Baada ya hapo kamera itapanda, na yeye ataanza kuonekana mdogo kitini. Nyumba ile haina dari, ina boriti tu. Nafikiri ndizo zitakazoonekana nyuma ya kichwa chake mwanzoni, kisha zitoweke. Maneno yote mawili aliyokuwa akiyasema kuhusu mikono yake kutetemeka nimeyafuta.

Fundi Taa:

Boriti zikiwa nyeusi zitamezwa na kivuli. Weka taa ndogo juu ya kabati, uielekeze juu, na uizime kwenye ukurasa wa 14.