Naomba ushauri: gazeti la Mambo Leo la wakati wa vita, nilisomeje?

Wakuu, shikamooni wakubwa na habari zenu wote.

Marehemu babu alipigana Vita Kuu ya Pili huko Bama (Burma), akiwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki. Juzi tumefungua sanduku lake la bati, tukakuta kurasa nne za Mambo Leo. Karatasi imekuwa ya njano kama chai ya maziwa, ukigusa pembe inamomonyoka. Ukurasa mmoja una shairi la kuwasifu askari, na babu amelipigia mstari kwa penseli beti mbili. Kwa nini hizo tu? Sijui, na linaninyima usingizi.

Ninachofahamu ni kwamba Mambo Leo lilikuwa la serikali ya kikoloni ya Tanganyika tangu 1923, kwa hiyo habari za vita zilipita kwanza mikononi mwa Mwingereza. Kenya nako gazeti la Baraza lilianza 1939, mwaka uleule vita vilipoanza. Ila Dar es Salaam kulikuwa na gazeti la Kwetu la Erica Fiah, lililoanza 1937, la Mwafrika mwenyewe. Hilo ndilo ninalolitamani zaidi. Nataka niyaweke Mambo Leo na Kwetu pamoja nione lipi lilisema nini, na lipi lilinyamaza wapi, maana kunyamaza kwa gazeti nako ni habari.

Naombeni msaada: nakala za Kwetu za 1939 hadi 1945 nizitafute wapi, na taratibu za kuomba zikoje? Na hizi kurasa nizihifadhi vipi? Shangazi anataka tuzipeleke zikabanwe plastiki, mimi naogopa moto wa ile mashine utazimaliza. Jamani, naombeni majibu kabla hajazipeleka.