LED zenye nguvu zinakufa kwa ampea 1.5 ilhali zinaruhusiwa ampea 3

Fundi wa Matondoni:

Assalamu alaikum ndugu zangu. Kazi yangu ni kukalafati mashua, yaani kuziba mishono ya mbao kwa pamba, hapa Matondoni, Lamu. Wakati wa bamvua maji hutoka kabisa yapata saa nne usiku, nami hulazimika kuifuata kazi saa hizo hizo kabla bahari haijarudi. Nimetengeneza taa ya LED tatu zilizofuatana katika mstari mmoja, zinazolishwa na betri ya volti 12 kupitia draiva, kile kifaa cha kudhibiti mkondo. Kwa ampea 0.7 taa inafanya kazi vizuri, lakini mwanga hautoshi kuuona mshono ulio chini ya mkuku. Nilipoweka draiva ya ampea 1.5, baada ya dakika ishirini mwanga ulififia na kuwa wa buluu, kisha LED moja ikazimika moja kwa moja, na uso wake wa manjano sasa una doa la kahawia. Karatasi ya vipimo ya mtengenezaji inaruhusu hadi ampea 3. Nimezifunga juu ya kipande cha aluminiamu cha fremu ya dirisha na kupaka pesti ya kupitisha joto. Kosa liko wapi? Tena, je, nikitumia rezista badala ya draiva nitaokoa gharama?

Fundi umeme, Malindi:

Waalaikumu salaam, kaka. Ile ampea 3 ni ruhusa yenye sharti, nayo sharti lake ni kwamba kiini cha LED kisizidi kiwango cha joto kilichoandikwa katika karatasi hiyo hiyo. Tufanye hesabu. LED tatu za takriban volti 3.1 kila moja, kwa ampea 1.5, zinakula wati 14 hivi, na kwa kukadiria, theluthi mbili ya wati hizo, yaani 9 hivi, hugeuka joto ambalo halina njia ya kutokea isipokuwa kupitia mgongo wa LED. Ikiwa hewa ya usiku ni nyuzi 28 na kipoza joto chako, yaani kile kipande cha aluminiamu, kinapanda nyuzi 3 kwa kila wati ya joto, chenyewe kitafika nyuzi 55, na kiini kitakuwa juu zaidi ya hapo. Hali hiyo LED ya aina yako huistahimili. Kwa hiyo nashuku kwamba joto halifiki kwenye aluminiamu. Nakuomba ufungue skrubu, uinue LED polepole, kisha utazame pesti imeacha alama gani.

Kuhusu rezista, usiitumie. Betri ya sola ikiwa inachajiwa hufika volti 14.4, na rezista uliyoipimia volti 12 itaruhusu zaidi ya ampea 2 bila wewe kujua. Draiva huushikilia mkondo pale pale hata betri ipande.

Fundi wa Matondoni:

Nimefungua. Pesti imeguswa katika pembe mbili tu, na katikati imebaki nene kama nilivyoipaka. Nilipopitisha kidole juu ya aluminiamu niliukuta ukingo uliochomoza kandokando ya tundu la skrubu, ulioachwa na keekee.

Fundi umeme, Malindi:

Basi umelipata. Ukingo huo uliinyanyua LED, na pengo lililobaki likajaa pesti nene na hewa. Aluminiamu hupitisha joto maelfu ya mara kuliko hewa iliyotulia, na hata pesti nzuri haifiki karibu na aluminiamu. Kazi yake ni kuziba mikwaruzo tu. Sugua kwa msasa uliowekwa juu ya kioo ili uso uwe sawa, safisha kwa spiriti, halafu paka utando mwembamba sana.

Mtengeneza taa, Lamu mjini:

Naongeza jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Ukiuzidisha mkondo mara mbili, mwanga hauzidi mara mbili, kwa sababu ufanisi wa LED hushuka kadiri mkondo na joto vinavyopanda. Ndugu yangu, funga LED sita kwa ampea 0.7, katika mistari miwili ya tatu tatu, kila mstari na draiva yake. Utapata karibu mwanga ule ule wa LED tatu kwa ampea 1.5, au hata zaidi, kwa wati chache kidogo, na joto litasambaa mahali pengi. Nunua pia kipoza joto chenye mapezi, kwa kuwa fremu ya dirisha ni nyembamba, na uyasimamishe mapezi wima ili hewa ya moto ipande katikati yake. Yaoshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila baada ya kazi, maana chumvi ya hapa kwetu huila aluminiamu.

Fundi wa Matondoni:

Nimefuata ushauri wa LED sita, na kipoza joto chenye mapezi nimekipata mjini. Jana usiku taa iliwaka saa mbili mfululizo. Kipimajoto nilichokibana karibu na mgongo wa LED ya katikati kilisimama kwenye nyuzi 51, na rangi ya mwanga haikubadilika. Pamba niliipigilia mpaka kwenye ubao wa mwisho kabla maji hayajanifika magotini. Nashukuru sana.