Jedwali linasema mishumaa 23, ya kuuza ni mitano tu

nta_kidogo ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kabla sijapoteza mteja mwingine.

Natengeneza mishumaa ya nta ya soya kwenye glasi na kuiuza mtandaoni. Niko peke yangu, meza ya kazi ndiyo stoo, ndiyo ofisi. Nina harufu 9, kila moja kwa saizi mbili: ndogo ya gramu 180 na kubwa ya gramu 300. Oda zinaingia kwa njia mbili, tovuti yangu na ujumbe wa Instagram. Hesabu naweka kwenye Excel: kila aina ya mshumaa ina mstari wake na namba moja mbele yake. Nikimimina naongeza, nikituma napunguza.

Wiki iliyopita mtu akaniandikia anataka lavenda ndogo 15 za harusi. Nikafungua jedwali, nikakuta 23. Nikamjibu "ipo" hata sijainuka kwenye kiti. Nilipokwenda kufunga mzigo ndipo nikaona kumbe 12 niliimimina juzi yake, haijaiva (mimi huilaza wiki mbili ndipo harufu inatoka vizuri), na mingine sita imeshalipiwa, inasubiri kutumwa. Imebaki mitano. Nikamwomba nimchanganyie na vanila, akakataa, nikamrudishia hela yote. Hata hakugomba. Alijibu "sawa", basi. Hiyo "sawa" bado inaniuma.

Halafu kuna mafuta ya harufu. Naweka asilimia 8, kwa hiyo jedwali linapunguza gramu 14.4 kila ninapomimina glasi ndogo. Kwa mujibu wa jedwali, mafuta ya lavenda yaliisha zamani. Chupa bado ina mafuta! Sijui nani mwongo kati yao.

Na tambi ziliniishia katikati ya kazi. Nikatumia za saizi nyingine zilizokuwepo, vanila zote zikachimba shimo katikati na kuacha nta imeganda pembeni.

Ninunue programu ya kusimamia mzigo, au tatizo ni mimi?

---

stoo_ya_vipuri amejibu:

Mkuu, pole. Mimi nilikaa stoo ya vipuri vya magari miaka mingi kabla ya kuanza kumimina mishumaa, na kosa lako nimelifanya kwa fani mbili. Programu acha kwanza. Itachukua hiyo namba yako moja na kukuonyesha 23 ileile, ila kwa rangi nzuri.

Mshumaa wako una hali tatu, wewe umezipa kisanduku kimoja. Weka safu nne: *imelala*, *imeiva*, *imeahidiwa*, *ya kuuza*. Safu ya nne usiiandike kwa mkono, iwe fomula: imeiva kutoa imeahidiwa. Kwa lavenda yako: imelala 12, imeiva 11, imeahidiwa 6, ya kuuza 5. Ukijibu ujumbe, macho yaangalie safu ya nne tu. Oda ikiingia, ongeza kwenye *imeahidiwa* saa hiyohiyo, hata kama hajalipa. Mpe muda wa kulipa, mimi hutoa siku moja, ukipita unaiachia. Siku ya kutuma ndipo unapunguza *imeiva* na *imeahidiwa* kwa pamoja.

Na acha kufuta namba na kuandika nyingine juu yake. Hapo ndipo ukweli unapopotelea. Fungua ukurasa wa pili uwe daftari la mwendo: tarehe, bidhaa, idadi yenye jumlisha au toa, sababu. Mimi nina sababu nne tu: kumimina, kutuma, kuvunjika, majaribio. Ukurasa wa kwanza ujumlishe wenyewe kutoka huko kwa SUMIFS, fomula ya Excel inayojumlisha kwa masharti unayoipa. Siku hesabu ikigoma unarudi nyuma mstari kwa mstari hadi ulipoteleza. Kwa mtindo wako wa sasa hakuna pa kurudi.

Mafuta: hakuna mwongo, kuna hesabu mbili. Asilimia ya harufu kwa kawaida hupigwa juu ya uzito wa nta, wewe kwenye jedwali umeipiga juu ya uzito wa mshumaa mzima. Kilo 1 ya nta na gramu 80 za mafuta ni gramu 1,080, yaani glasi sita za 180. Kila glasi imekula gramu 13.3, si 14.4. Tofauti ni gramu moja na kitu, unaweza kuidharau, lakini ukimimina glasi 200 ni zaidi ya gramu 200 ambazo jedwali limezimwaga na chupa haijui. Halafu kwenye nta mambo yanakwenda kinyume: inabaki kwenye jagi, inadondoka mezani, na glasi ya sita haijai. Pima jagi tupu kabla na baada ya kumimina mara chache ujue unapoteza gramu ngapi, uiandike kama matumizi ya kawaida.

Tambi: natabiri jedwali lako lina mstari mmoja umeandikwa "tambi". Utambi hufuata upana wa glasi na hufuata mafuta pia. Vanila mara nyingi hudai utambi mnene kuliko harufu nyepesi, kwenye glasi ileile. Kila saizi ya utambi ni bidhaa yake, ipe mstari wake.

---

glasi_tupu amejibu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa hesabu, ila hakuna aliyegusa harufu 9. Tisa mara mbili ni bidhaa 18, na lebo 18, za mtu mmoja mwenye meza moja! Angalia miezi mitatu iliyopita: nadhani harufu tatu au nne ndizo zinazokulisha, zilizobaki zimekaa zinakula glasi zako.

Glasi tupu inaweza kuwa harufu yoyote. Ukishamimina umeamua, hakuna kurudi. Kwa hiyo zile zinazotoka taratibu mimi siziweki tayari kabisa. Natangaza siku ya kumimina, watu wanaagiza mapema, nawaambia wazi kwamba zitatoka baada ya wiki mbili. Lebo nachapa moja ya jina la biashara, na harufu naiweka kwa stika ndogo chini.

---

stoo_ya_vipuri amejibu:

Kuagiza mapema sawa, lakini mtu wa harusi hasubiri. Zile tatu nne zinazokimbia lazima uwe nazo, na ujue lini umimine tena. Lavenda ikitoka miwili kwa siku, na kumimina pamoja na kulaza ni siku 15, basi jumla ya iliyolala na ya kuuza ikifika 30, washa jiko. Ukingoja rafu iwe tupu utakaa wiki mbili unaandika samahani.

Kwa tambi fanya boksi mbili. Unatumia la kwanza, la pili limefungwa kwa gundi. La kwanza likiisha unaagiza siku hiyohiyo, ndipo unafungua la pili. Toyota walifanya hivi kwa kadi, wakaita kanban. Sisi kule stoo tulitumia kipande cha karatasi na ilitosha. La pili liwe na tambi ngapi? Chukua siku zako mbaya: ukiuza 8 kwa siku na mzigo ukachelewa hadi siku 18, ni 144. Usizihesabu moja moja. Pima uzito wa 50, kisha pima zote.

Jambo la mwisho, njia mbili za oda. Tovuti iambie una miwili pungufu ya uliyonayo. Hiyo miwili ndiyo inayokuokoa ujumbe ukiingia wakati umelala.

---

nta_kidogo amejibu:

Asanteni sana jamani. Jana usiku nilizima simu nikahesabu kila kitu, mpaka vifuniko. Kweli "tambi" ulikuwa mstari mmoja, mkuu umenipatia. Lavenda sasa zinakubaliana, jedwali na rafu. Harufu mbili nimeziua. Ndimu nimeshindwa kuiua, naipenda mwenyewe.

Vanila ndogo pekee ndiyo iligoma, minne haionekani. Nimepekua oda zote, sikuona. Leo asubuhi nimeingia chumbani kwa mama nikaikuta imepangwa dirishani, mmoja umeshawaka nusu.

Daftari langu la mwendo lina sababu tano: kumimina, kutuma, kuvunjika, majaribio, mama.