Tupeane uzoefu: maharagwe yanayooza mizizi

Mvua za juzi zimenikumbusha msimu nilioupoteza. Ningependa kusikia kutoka kwa wenzangu waliowahi kuona maharagwe yakigeuka manjano kabla hayajatoa maua.

Mama wa Vihiga: Shamba langu ni robo ekari, na kwa miaka sita nilipanda maharagwe papo hapo kila msimu, kwa sababu sina pengine. Baada ya mvua ya siku tatu mfululizo nilikuta mistari mizima imelala. Nilipong'oa shina moja lilitoka kama lililochomekwa tu, vimizizi vyote vimekwisha na mzizi mkuu umekuwa mwekundu kama kutu. Nililia pale pale shambani, kwani mbegu ile nilikuwa nimeikopa kwa shemeji yangu.

Mkulima wa Lushoto: Hata sisi yalitukuta hayo hayo.

Mzee wa Mbozi: Pole sana, mama. Lakini hakikisha kwamba si funza wa maharage. Pasua shina usawa wa udongo. Ukikuta funza au vifuko vyao vya kahawia, dawa yake ni nyingine.

Mama wa Vihiga: Shikamoo mzee. Nilipasua mashina matano na sikuona funza hata mmoja.

Mkulima wa Kakamega: Mimi nilihamia KK8 na KK15, aina za mbegu za maharagwe. Hazisafishi udongo, ila zinastahimili uozo wa mizizi. Zaidi ya hayo, pandishia udongo kwenye shina wakati wa palizi, mmea utoe mizizi mipya juu ya ile iliyooza.

Mkulima wa Lushoto: Hapo sikubaliani nawe, ndugu. Kwenye shamba linalotuamisha maji, Pythium, kimelea cha udongoni kinachoozesha mizizi, hupata nafasi zaidi; usingoje palizi, inua matuta kabla ya kupanda na uweke samadi iliyoiva.

Mzee wa Mbozi: Nanyi mnaochanganya mahindi na maharage kila mwaka msidhani kwamba mnabadilisha mazao. Fusarium, kuvu nyingine inayoozesha mizizi, hukaa udongoni miaka mingi ikisubiri, na mkipanda maharage kati ya mahindi mnailisha tena.

Mkulima wa Kakamega: Mzee, mwenye robo ekari atakula nini akiacha maharagwe?

Mzee wa Mbozi: Aligawe shamba. Nusu apande viazi vitamu, nusu maharage, kisha msimu unaofuata abadilishe.

Mama wa Vihiga: Nusu naweza. Viazi nitaviweka upande wa bondeni, ndiko maharagwe yalikoanza kufa. Je, mwenzangu wa Kakamega, KK15 inaiva kwa siku ngapi kwenu?