Naomba ushauri: riba imeshuka, niingie kwenye hisa?

Assalaam aleykum, wakubwa kwa wadogo. Mimi nauza mitumba hapa Kongowea, Mombasa, nina laki mbili ambazo sitazigusa kwa miaka mitatu.

Mwaka 2024 sikuwa na swali. Dhamana za Hazina za siku 91, yaani mkopo mfupi unaoipa serikali, zilipita riba ya asilimia 15 kwa mwaka, nani ahangaike na hisa? Agosti mwaka huo Benki Kuu ilianza kushusha riba yake kutoka asilimia 13, na dhamana yangu ilipoiva mara ya mwisho nilipewa karibu nusu ya faida niliyoizoea. Hisa nazo zimeshapanda. Huenda nimechelewa.

Nimefungua akaunti kwa dalali wa hisa, na kwenye daftari la madeni naandika kila Ijumaa bei ya dola na bei ya hisa za benki moja. Dola ilipotoka shilingi 160 ikarudi karibu 130 beli zangu za mitumba zilipata nafuu, lakini daftari halinipi mpangilio wowote.

Sasa, riba ikishuka, hisa za benki hunufaika au huumia, maana mikopo nayo inakuwa rahisi? Na wawekezaji wa kigeni wakianza kuuza hisa zao, dalili ya kwanza naitazama wapi: shilingi, au mfumko wa bei?