Ukuta wa bustani ya ufukweni unachimbwa chini, ngazi imebaki hewani. Tuanzie wapi?

Kipwa_Dar:
Wakuu, naomba ushauri. Ni bustani ya wazi ya manispaa, mwambao wa Dar. Ukuta wa mawe na saruji una urefu wa mita 140 na kimo cha mita 2. Msimu huu wa kusi mchanga wa mbele umeshuka sentimita 80 na msingi unaonekana. Nyuma ya ukuta, ukigonga vitofali vya pevingi kwa nondo, vinalia tupu. Ngazi ya katikati inaning'inia, watu wanaruka. Kamati inataka kumwaga zege mbele ya msingi na kupandisha ukuta nusu mita. Wengine wanataka uzio, watu wasishuke kabisa. Wavuvi wa ngalawa na wauza mihogo wote wanapita hapo.

Fundi_Gati:
Mkuu, msipandishe ukuta. Tatizo liko chini na nyuma, si juu.

Sikiliza huo mlio wa pevingi. Bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likijaa, maji yanaingia nyuma ya ukuta. Bahari ikipwa, na hapa Dar tofauti ya kujaa na kupwa kwa bamvua hufika zaidi ya mita 3, maji ya nyuma yanachelewa kutoka. Yanasukuma ukuta kwenda baharini, na yakipata ufa chini ya msingi yanatoka na mchanga. Ndiyo maana chini ya sakafu panabaki tupu huku ukuta bado umesimama. Zege la mbele litaziba njia hiyo ya maji, kisha siku moja ukuta utalala mzima.

Kwanza funga eneo la mita 3 nyuma ya ukuta, leo. Ng'oa pevingi, chimba hadi ufikie mchanga mgumu, tandika kitambaa cha kuchuja (jiotekstaili), jaza kokoto, shindilia kwa tabaka za sentimita 20. Toboa ukuta uweke mabomba ya PVC ya inchi 3 kila mita 2, yameinama kidogo kuelekea baharini, na mdomo wa ndani ufunikwe kitambaa hichohicho. Bomba lisilo na kitambaa ni mfereji wa kupoteza mchanga.

Mbele, weka mteremko wa mawe, mita 2 za mlalo kwa kila mita 1 ya kimo. Kitako chake kizikwe angalau mita 1.5 chini ya mchanga wa sasa, au kikae juu ya mwamba mkipata mwamba. Hapo ndipo wengi wanapobana matumizi, na hapo ndipo kazi inapobomokea. Kazi ya kitako fanyeni siku za bamvua: maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, mna muda wa saa tatu hivi za kijiko (mashine ya kuchimbia) kuchimba na kupanga.

Kipwa_Dar:
Asante mkuu. Mawe ya Kunduchi yako karibu na bei nafuu. Yanafaa?

Fundi_Gati:
Yale ni mawe ya matumbawe, mepesi. Wimbi la ukutani haliwezi kuzidi takriban robo tatu ya kina cha maji, kwa hiyo kina cha mita 2 kinaleta wimbi la mita 1.5. Kwa mteremko huo, jiwe gumu la tani 2.65 kwa mita ya ujazo, kama la Lugoba, linatakiwa liwe na kilo 550 hadi 600. La matumbawe la tani 2.2 litahitaji kilo 1,200 hivi. Unafuu wa bei unaishia hapo. Pangeni tabaka mbili, kama mita 1.2 kwa jumla, na chini yake mawe ya kilo 50 hadi 60 juu ya kitambaa. Uzito unakwenda kwa kimo cha wimbi kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu (kipeo cha tatu): wimbi likiwa maradufu, jiwe linatakiwa mara nane. Mchanga ukizidi kushuka, kina kinaongezeka na hesabu yote inabadilika.

Mlakasa:
Uzio siungi mkono hata kidogo. Ukizuia njia moja, watu watatengeneza kumi, na kila moja itakuwa mfereji wa mvua ya masika. Wekeni njia mbili tu, imara. Ngazi isiunganishwe na ukuta: iwe na msingi wake, na vidato vya chini viwe vya zege vinavyoinuliwa kwa kijiko, mchanga ukishuka mnaongeza kimoja. Njia ya pili iwe mteremko wa 1 kwa 12 kwa viti vya magurudumu, upana mita 3, na ngalawa zipite hapohapo. Mawe yasitandazwe mbele yake, mguu utaingia katikati.

Palipobaki mchanga juu ya mstari wa bamvua, pandeni mlakasa, ule mmea unaotambaa mchangani: vipande vya sentimita 40, theluthi mbili ardhini, umbali wa nusu mita, masika yakianza. Zungusha kamba na vigingi msimu mmoja. Msitegemee mvinje ukingoni. Mizizi yake ikichimbwa, unaanguka na bonge la ardhi.

Bandari_Kuu:
Nyongeza: miisho ya ukuta ipindwe kuingia nchi kavu mita 5 au zaidi, la sivyo wimbi litamla jirani kisha lirudi nyuma yenu. Na kabla ya kijiko kufika, muoneni NEMC (baraza la taifa la mazingira) kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinagusa shughuli zilizo ndani ya mita 60 kutoka baharini. Pigeni alama ya rangi ukutani kila mita 20, mpime kutoka alama hadi mchangani kila bamvua, kusi na kaskazi. Bila vipimo vya mwaka mzima hamtajua kama mchanga unarudi wenyewe msimu wa kaskazi au umeondoka moja kwa moja.